Shikamoo Mia Moja na Paa wa Pemba

Vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa na darasa la fonolojia ya Kiswahili, yaani somo la sauti za lugha, mwaka wa kwanza, wanafunzi zaidi ya mia tatu. Wote wakarudi makwao. CR wao, yaani mwakilishi wa darasa, akaniambia, "Madam, tufungue kundi la WhatsApp." Kundi wakati ule lilikuwa halipokei zaidi ya watu 256, basi tukafungua mawili.

Asubuhi ya kwanza nikatuma muhtasari wa mada, nikaenda kuchemsha chai. Narudi, nakuta shikamoo zaidi ya mia moja, moja moja, na muhtasari umezama huko juu hauonekani. Nao hawakukosea, ndivyo walivyolelewa. Jioni nikaandika: "Shikamoo zote nimezipokea, marahaba hadi mwisho wa muhula." Nikaweka mpangilio wa msimamizi pekee kuandika, nikawa nafungua mjadala saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni tu. Bila hivyo, maswali yangekuja hata saa nane usiku, na mimi nina watoto.

Kosa langu kubwa lilikuwa video. Nilijirekodi dakika arobaini mbele ya ubao, nikajiona mjanja. Mwanafunzi mmoja akanifuata faragha: "Madam, samahani, hiyo video ni bando langu la wiki nzima." Niliona aibu. Tangu siku hiyo nikahamia kwenye sauti: dakika tatu, hoja moja, mfano mmoja, basi.

Na kumbe sauti ndiyo iliyokuwa dawa ya somo lenyewe. Niliwapa kazi: kila mtu ajirekodi akisema dhahabu, thelathini, ghali. Zikaja "zahabu", "selasini", "gali", na nyingine za kuchekesha zaidi. Ukumbini, mbele ya wenzao mia tatu, nani angefungua mdomo? Kwenye simu, kijana amejifungia chumbani, anarudia mara tano ndipo atume.

Tukafika kwenye mpumuo, ile pumzi inayotoka pamoja na sauti kama p au k. Miaka yote nilikuwa nikiufundisha kwa kipande cha karatasi mbele ya midomo, nikisema "p'" huku karatasi inatikisika, na wanafunzi wa bara wananitazama kana kwamba nafanya kiinimacho. Maandishi sanifu hayaionyeshi tofauti hiyo, na wengi wao hawajapata kuisikia. Basi kijana mmoja wa Pemba, ambaye darasani sikuwahi kumsikia hata akikohoa, akatuma sauti mbili za bibi yake. Ya kwanza, paa la nyumba. Ya pili, p'aa, mnyama yule wa porini. Pumzi inasikika wazi ikipasuka kwenye maikrofoni ya simu. Nyuma yake bibi analalamika: "Wanirikodi nini, mjukuu wangu, neno hata kitoto chalijua?"

Jioni ile sikulifunga kundi saa kumi na mbili. Mwingine akaleta kaa la moto na k'aa wa baharini kutoka kwa shangazi yake wa Mombasa. Mmoja wa Mbeya akauliza kwa nini mnyama apate pumzi na nyumba isipate. Swali hilo nilikuwa nikilitamani kila mwaka. Nikamjibu kwa sauti: paa wa porini yumo katika ngeli ya N, na ile N ilipomezwa, iliacha pumzi nyuma yake. Paa la nyumba halikuwa na N ya kumeza.

Vyuo vilifunguliwa Juni mosi, makundi nikayaacha yaendelee, na hapo nikaharibu. Niliahirisha jaribio kwa ujumbe wa saa nne usiku. Kesho yake nikakuta wanafunzi kumi na mmoja mlangoni, kalamu mkononi, mmoja amepanda daladala mbili. Hawakuwa na bando. Siku hizi jambo lolote linalogusa alama nalibandika kwanza kwenye ubao wa matangazo, na CR anawatumia wenzake SMS ya kawaida.

Sauti za bibi nazitumia hadi leo. Kabla ya kuwachezea wanafunzi wa mwaka uliofuata, nilimwomba yule kijana anichukulie ruhusa. Jibu likaja kwa sauti, la bibi mwenyewe: "Mwambie mwalimu wako, kama ni hao k'aa, naje Pemba tumpikie, asisumbuke na simu." Mpumuo wake ulikuwa safi kuliko wote niliowahi kurekodi.