Wiski nne na maji ya mtungini: nilivyowaonjesha marafiki zangu Malindi

Mwanzo nilikuwa nimeamua kutumia istikani. Ninazo kumi na mbili kabatini, nyumbani kwangu Muyeye, na kila moja inabeba toti bila shida. Siku mbili kabla ya wageni nikajimiminia kidogo nijaribu. Nikanusa, hamna kitu. Mdomo wa istikani umepanuka, harufu inapaa kabla haijafika puani, na kuonja wiski ni kazi ya pua kuliko ulimi. Glasi inayotakiwa ina tumbo pana na mdomo uliobana. Wenye shughuli hii wana glasi yao iitwayo Glencairn. Mimi nilimwendea rafiki anayefanya kazi hotelini, akaniazima glasi nane ndogo za divai zilizobana juu, zikafaa.

Tulikuwa wanane pamoja nami, na kila mmoja alichanga shilingi 2,500. Tukanunua Jameson ya Ayalandi, Maker's Mark ya Kentucky, Marekani, wiski ya aina iitwayo bourbon, kisha mbili za Uskoti: Glenfiddich ya miaka 12 na Laphroaig ya miaka 10. Nilizichagua kwa kuwa hazifanani hata kidogo. Ukimwekea mtu asiyezoea wiski nne zinazokaribiana, atakwambia zote ni pombe tu, na atakuwa amesema kweli.

Alhamisi jioni nilipita kwa mama jirani. Wao ni Waislamu, sahani zetu huvuka ua kila wiki, na sikutaka asikie vicheko vya Jumamosi bila kujua ni vya nini. Nilimwambia wazi kuna wageni na kuna kileo, tutakaa ndani upande wa pili, hakuna muziki wa juu, na saa nne kila mtu atakuwa njiani kwake. Akaniambia, "Bora umeniambia, mwanangu." Anayetaka kufanya jambo kama hili mitaani kwetu aanzie hapo, kabla hata ya kununua chupa.

Tabu kubwa ya Malindi ni joto. Ilikuwa Februari, kaskazi bado inapuliza, na sebuleni jioni ilikuwa kama nyuzi 30. Wiski ikiwa na joto hilo hutoa mvuke wa kileo unaochoma pua, husikii kingine. Ukiitia kwenye friji, harufu yenyewe inalala. Nilichota maji ya mtungini, yale yenye ubaridi wa udongo tu, nikajaza ndoo na kuzisimamisha chupa humo kwa nusu saa. Hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote niliyofanya siku ile. Zilitoka na ubaridi wa kiasi, na harufu zikabaki hai.

Niliwaomba pia wasijipake manukato, nami sikufukiza ubani wala udi mchana kutwa, ingawa kukaribisha wageni bila kufukiza nyumba kulinikosesha raha. Viazi karai na ukwaju wa pilipili nilivificha jikoni hadi mwisho, maana pilipili huua ulimi. Mezani kulikuwa na maji, boflo iliyokatwa vipande na korosho zisizo na chumvi.

Kila wiski nilipima mililita 20, tukianza na nyepesi na kumalizia na ya moshi. Unainamisha pua juu ya glasi huku mdomo umeachama kidogo, unanusa taratibu, kisha unaonja tone dogo na kuliacha lizunguke ulimini. Baadaye unaongeza matone machache ya maji, unanusa tena. Wengi walidhani maji yanaharibu. Niliwaeleza kwamba mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kileo kikipunguzwa makali kwa maji, guayakoli, kitu kimojawapo kinacholeta harufu ya moshi kwenye wiski, huja juu karibu na hewa badala ya kuzama. Wakajaribu wenyewe, wakakubali.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi harufu ambazo wajuzi huzitaja. Karatasi ile niliikunja mapema. Kwenye Glenfiddich wajuzi husema pea, tunda ambalo hakuna kati yetu aliyekua akilichuma. Mwenzetu mmoja, fundi wa pikipiki, alifumba macho akasema, "Haya ni mapera. Mapera yaliyoivia mfukoni." Meza nzima ikanusa tena, na kweli, mapera. Maker's Mark ikaitwa kashata, ile ya chini ya sufuria ambapo sukari imeungua. Hapo nikapata mwanya wa kueleza: sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, na utamu ule wa sukari iliyoungua unatoka kwenye mbao hizo. Ya Uskoti hukaa kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, na kila mwaka pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mvuke. Mmoja akauliza je, pipa lingekaa hapa Malindi? Kwa joto letu lingekauka upesi zaidi.

Laphroaig iliwanyamazisha. Inatoka kisiwa cha Islay, ambako shayiri iliyochipuzwa hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa mimea iliyooza karne nyingi, unaokatwa na kuchomwa kama kuni. Wa kwanza kusema alikuwa shemeji yangu: "Makaa ya vifuu, mtu kamwaga iodini juu yake." Wawili hawakuimaliza, na sikuwashurutisha. Mimi naamini mtu wa Pwani, aliyekulia kati ya karafuu, iliki na ubani, ana pua iliyokwisha kufundishwa. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba maneno yake yanatosha.

Kokteli zilikuja saa mbili na nusu, na stima ikapotea saa hiyo hiyo. Barafu nilikuwa nimeigandisha siku mbili mapema kwa maji yaliyochemshwa, kwenye vyombo vikubwa vya plastiki, na jioni hiyo ilikuwa imeshahamia kwenye boksi lake. Mapande makubwa huyeyuka polepole, nasi tuliyavunja kwa mchi ndani ya kitambaa, kwa mwanga wa kandili. Kilichoniangusha ni ndimu. Niliikamua asubuhi ili kupunguza kazi, na jioni maji yake yalikuwa yameingia uchungu. Tukayamwaga, tukakamua upya.

Mwaka 1806 gazeti moja la Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa ni kileo, sukari, maji na bitazi, yaani kileo kilichorowekwa viungo vichungu, ambacho hutiwa kwa matone. Nilifuata msingi huo. Badala ya bitazi ya dukani niliroweka karafuu, mdalasini na maganda ya chungwa katika bourbon kidogo kwa siku tano. Wawili wawili walitengeneza glasi moja na kuigawana, kwa sababu mililita 80 za kuonja zilikuwa zimeshaingia tumboni na sikutaka mtu alewe. Jozi ya kwanza: mililita 50 za Maker's Mark, kijiko cha chai cha shira ya sukari guru, matone ya bitazi yetu, pande moja la barafu. Ya pili ilitikisa Jameson 50, ndimu 25 na shira 20 kwenye chupa ya asali yenye mfuniko, sekunde 15. Ya tatu ilitengeneza kokteli iitwayo dawa, ila kwa bourbon badala ya vodka, na asali ya Kilifi.

Jozi ya nne ndiyo iliyotushinda wote: Jameson, ukwaju mzito uliochujwa, shira ya sukari guru, soda, na juu yake kijiko kimoja cha Laphroaig. Uchachu wa ukwaju uliuchukua moshi ule vizuri mno. Hata wale wawili walioikataa Laphroaig waliomba wapitishiwe glasi.

Viazi karai vikatoka, tuktuk mbili nilizoziagiza mapema zikafika saa nne kasorobo. Nilipima kilichosalia kwenye Laphroaig: kama mililita 515. Tumekubaliana ibaki kabatini kwangu hadi kusi ianze na ubaridi uje, na safari hiyo ukwaju ataleta fundi, anao mti wake Ganda.