Tumerudi Mombasa na maombi ya barabarani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Tumerudi. Miaka tisa tumeishi kwenye HiAce, mume na mke, kazi ya Injili kutoka Lunga Lunga mpaka Kigali, na sasa gari limeegeshwa Likoni chini ya mwembe. Mji tumeukuta na sura nyingine. Tulipoondoka reli mpya ya SGR ilikuwa haijaanza (ilianza 2017), Makupa hakukuwa na daraja, na kufika pwani ya kusini bila kupanda feri ilikuwa ni kuzunguka mbali. Leo barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi ng'ambo.

Habari za safari tutazisimulia barazani. Hapa tunataka kusema jambo ambalo wanandoa wanaofanya kazi barabarani hawaambiwi mapema. Maombi ya wawili yaliyozoezwa njiani hushikiliwa na vituo vya safari, na siku mnayorudi nyumbani vituo hivyo vyote huondoka kwa mpigo mmoja. Wengi hudhani imani imepoa. Mara nyingi imani iko palepale, kilichopotea ni mpangilio uliokuwa ukishikiliwa na gari.

Ili muone linavyotokea, tuanze na asubuhi ya njiani.

Gari hukaguliwa kabla injini haijawashwa, likiwa limesimama mahali tambarare. Kijiti cha oili kinachomolewa, kinafutwa kwa kitambaa, kinarudishwa mpaka mwisho, kinachomolewa tena, na oili inasomwa kati ya alama mbili. Usomaji wa kwanza hauna maana kwa sababu oili huwa imetapakaa juu ya kijiti. Halafu maji ya rejeta kwenye chupa yake, oili ya breki, mkanda wa feni (ubonyeze kwa kidole gumba, utazame mipasuko), upepo wa tairi nne na spea, kisha taa. Ni dakika kumi na tano. Mmoja akikagua, mwenzake anasimama karibu na boneti na kusoma zaburi kwa sauti. Kesho mnabadilishana.

Zaburi zinazofaa hapo ni zile za kupanda mlima, 120 hadi 134. Ni kumi na tano na ni fupi, ya 133 na ya 134 zina mistari mitatu mitatu tu, na ni nyimbo za watu waliokuwa safarini kwenda Yerusalemu. Kwa siku kumi na tano mmezimaliza, mnaanza tena. Baada ya zaburi pasiwe na mahubiri. Nyamazeni dakika mbili mkitazama saa, kisha kila mmoja aseme sentensi moja ya maombi. Amina, ndipo ufunguo unazungushwa.

Mpango huu hauchoshi kwa sababu mikono ina kazi, na macho ya mmoja yako kwenye injini. Kama jana usiku mlilala mmekwaruzana, hamlazimiki kutazamana usoni kabla moyo haujawa tayari, lakini zaburi inasomwa na sentensi inatoka. Anayesubiri ajisikie vizuri ndipo aombe na mwenzake atasubiri sana.

Gari likitembea, sheria ni ngumu. Dereva hafumbi macho wala haongozi maombi. Anayeketi kando ndiye anayeomba, tena sentensi fupi, na dereva hujibu Amina. Kwenye mteremko, kwenye ukungu au lori linapopitwa, kila mtu ananyamaza. Kila saa mbili gari linasimama, watu wanashuka, wananyoosha miguu dakika kumi na tano. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na vituo vya maombi hujipanga vyenyewe: Mariakani kwenye mizani mnawaombea madereva wa malori na wake zao waliobaki nyumbani, kisha Voi, Mtito Andei, Emali. Mkishazoea, jina la mji lenyewe linawakumbusha nani anaombewa hapo.

Mkivuka Gatuna kuingia Rwanda, gari linahamia kulia. Usukani wa gari la Kenya uko kulia, kwa hiyo dereva haoni mbele ya lori analotaka kulipita. Anayeona ni aliyeketi kushoto. Huko maombi ya sauti ndani ya gari linalotembea yasimame kabisa, maana kazi ya msaidizi ni kusema "subiri" au "kuna nafasi". Ombeni mkisimama. Na kama mmoja yuko Kigali na mwingine amebaki Mombasa, kumbukeni saa: saa tatu usiku ya Mombasa ni saa mbili ya Kigali. Wawili waliokubaliana kuomba "saa tatu" bila kutaja ya wapi watatafutana kwa simu wiki nzima.

Usiku tuna neno moja tu, na tunalisema kwa uzito. Jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata likionekana limezimika, hata kukiwa na baridi ya Limuru. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Pikeni nje, jiko lilale nje.

Sasa tuingie kwenye kuomba kwenyewe. Wako wanaume wanaoweza kuongoza maombi mbele ya kanisa lililojaa, lakini wakikaa na mke peke yao ulimi unakuwa mzito. Sababu ni nyepesi: kanisa halijui ulivyomjibu mtu asubuhi, mke anajua. Wako na wanawake wenye shida hiyohiyo. Dawa yake si kutafuta maneno mengi. Wanafunzi waliposema "Bwana, tufundishe sisi kusali", walipewa maneno machache ya kusema, na katika Mathayo 6:7 walionywa wasipayuke-payuke. Basi chukueni Sala ya Bwana, mkaikate kifungu kwa kifungu. Mmoja anasema kifungu, mwenzake anakiongezea jambo moja la leo, linaloweza kuonekana kwa macho. "Utupe leo riziki yetu," mwenzake anasema, "dizeli lita arobaini, na karo ya muhula wa pili." "Utusamehe deni zetu," hapo wote wawili wananyamaza, na kila mmoja anataja moyoni deni lake, si la mwenzake. Kwa mwendo huo sala moja inachukua dakika kumi hivi. Fanyeni mwezi mzima kabla ya kujaribu maombi marefu ya kwenu.

Pabaya panapowanasa karibu wote ni kumwombea mwenzako maombi ambayo kwa kweli ni lawama. "Bwana, mpe mume wangu moyo wa kusikiliza." "Bwana, mfundishe mama kutunza fedha." Aliyefumba macho pale hawezi kujibu, na mwenye kuomba anajua hawezi kujibu. Ikifanyika mara tatu, anayeombewa ataanza kuchelewa kufika kwenye maombi, na hamtajua kwa nini. Kanuni tunayoishikilia ni kwamba kosa husemwa kwa "mimi", hitaji husemwa kwa "sisi", na mwenzako humtaji ila kwa shukrani au kwa mzigo alioutaja mwenyewe kwa kinywa chake. Kama una neno naye, mwambie kabla, mkinywa chai, uso kwa uso. Petro aliwaandikia waume waziwazi kwamba wasipokaa na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, kuomba kwao kunazuiliwa.

Daftari nalo linasaidia. La kurasa 96 linatosha mwaka. Ukurasa wa kushoto andikeni jina, ombi na tarehe, wa kulia acheni wazi kwa kilichotokea. Majina yawe 12, mawili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili mnasoma kurasa za kulia na kushukuru. Majina yakifika 40 mtakuwa mnasoma orodha tu, na orodha haiombi. Ombi ambalo halikujibiwa mlivyotaka liandikwe pia upande wa kulia, kwa tarehe, vilevile lilivyo. Msilifute.

Haya, sasa mmerudi.

Wiki ya kwanza ni wageni. Shangazi, wajomba, wazee wa kanisa, kila mmoja na pole na safari, mahamri na mbaazi mezani tangu asubuhi, na ni vizuri, ni baraka, msiikatae. Jumapili mnaitwa mbele kutoa ushuhuda. Wiki ya pili kuna matanga Mtongwe, harambee Changamwe, simu hazinyamazi. Mume anaamka alfajiri kwa mazoea ya safari, mke amelala saa saba usiku kwa kazi za wageni. Hakuna boneti ya kufungua, hakuna ufunguo unaosubiri Amina, hakuna Mariakani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mna vyumba viwili, na mnaweza kupishana siku nzima bila kugusana bega. Ndipo mnagundua Alhamisi usiku kwamba tangu Jumapili hamjaomba pamoja. Watu hulaumiana hapo. Msilaumiane. Tafuteni vituo vipya ndani ya mji, na Mombasa haina upungufu wa vituo.

Cha kwanza ni adhana ya alfajiri. Mji huu uko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa ya adhana haiyumbi sana mwaka mzima: huwa karibu na saa kumi na moja alfajiri. Jirani Mwislamu anaamka kuswali, nanyi mkaamka kusali. Hakuna anayemwibia mwenzake chochote, na tunashukuru kwa majirani wanaotuamsha. Kaeni kibarazani au darini, msiombe kitandani, maana kwa joto la Machi na pangaboi likizunguka, dakika ya tatu mmoja keshalala. Zaburi ileile, dakika mbili zilezile, sentensi moja kila mtu. Kabla wageni hawajaamka mmeshamaliza.

Cha pili, kwa sisi wa Likoni, ni feri. Foleni ya magari huweza kula saa nzima, na watu huimalizia kwenye simu. Leteni daftari. Mkiwa kwenye foleni someni majina mawili ya siku. Mkishaingia feri, gari limezimwa, breki ya mkono imepandishwa, gia imeingizwa, vioo vimeshushwa, mikanda imefunguliwa, ombeni macho yakiwa wazi kwa ajili ya wote walio ndani ya chombo kile: wabeba mikokoteni, watoto wa shule, mabaharia wa feri yenyewe. Mtu wa Mombasa aliyekuwapo Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, hahitaji kuelezwa kwa nini. Maji yakiwa yamekupwa sana, njia ya kushukia inakuwa na mwinuko mkali, gari la nyuma linaweza kurudi kinyumenyume. Hapo maombi yanakatwa katikati, dereva anashughulika na klachi, na Amina inasemwa juu, barabarani.

Wa Nyali na Kisauni wana Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kila mkipita hapo na matatu imekwama kwenye msongamano, ombeeni mtu mmoja aliyefungwa na kitu: deni, pombe, dawa za kulevya. Na upande huohuo wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale, liko kaburi la Rosine Krapf, aliyekuja Mombasa na mumewe, mmisionari Ludwig Krapf, 1844 na kufariki mwaka huohuo, yeye na mtoto wake mchanga. Mume alibaki peke yake, akaendelea na kazi. Mnaorudi mkiwa wawili, pitieni hapo siku moja mkashukuru kwa kuwa wawili.

Cha mwisho ni nyumba kuwa wazi, lakini kwa kipimo. Akila na Prisila, washona mahema, walifukuzwa Roma wakaishi Korintho, kisha Efeso, na walipokuwa tena Roma kanisa lilikutana nyumbani mwao. Chagueni jioni moja ya wiki, alikeni nyumba mbili za jirani, saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu, kahawa chungu na kashata, basi. Msianze na watu thelathini. Thelathini wanahitaji kiongozi na spika, na ninyi mtarudi kuwa watumishi wa umati huku maombi yenu ya wawili yakikauka.

Na gari msilisahau chini ya mwembe. Likikaa mwezi bila kuwashwa betri inalala, na hewa ya chumvi ya Likoni inaota unga wa kijani kwenye vichwa vya betri. Visugueni kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vikaushwe, vipakwe grisi nyembamba. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi fungueni boneti, mmoja na kijiti cha oili, mwingine na zaburi, kisha liendesheni dakika thelathini mpaka Shika Adabu na kurudi. Jumamosi hii ni zamu ya mama kukagua na ya baba kusoma, na zaburi tuliyofikia ni ya 126.