Swali la Draupadi limeninyima usingizi

Jana usiku nilirudia Sabha Parva, kitabu cha pili kati ya vitabu 18 vya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Nilikusudia kurasa chache tu kisha nilale. Nikafika kwenye mchezo wa dado, nikakesha.

Yudhishthira, mfalme anayesifiwa kwa uadilifu, anacheza na Shakuni, fundi wa hila anayewachezea binamu wa mfalme huyo. Anapoteza mali, ufalme, kisha ndugu zake wanne mmoja mmoja. Anajiweka dau yeye mwenyewe, anashindwa. Ndipo anapomweka dau mkewe, Draupadi. Tarishi anatumwa kumwita barazani kama mjakazi, naye anamrudisha na swali: kamuulize huyo mcheza kamari, alianza kujipoteza yeye au mimi?

Nimelisoma tena na tena. Aliyekwisha kuwa mtumwa hana chake. Haki ya kumweka mtu mwingine dau ataitoa wapi? Draupadi anaburutwa kwa nywele mpaka mbele ya wakubwa, na hata hapo halii tu, anadai ajibiwe.

Bhishma, babu wa ukoo mzima, anasema dharma, yaani haki na wajibu, ina undani mgumu kuushika. Asiye na mali hawezi kuweka mali dau, ni kweli, lakini mke naye yuko chini ya amri ya mumewe. Basi hawezi kulitatua. Drona, mwalimu wao wa silaha, yupo, kanyamaza. Vidura, ami yao, anawahimiza watoe jibu. Anayethubutu kutamka kwamba Draupadi hakushindwa kihalali ni Vikarna, kijana mmoja kati ya ndugu mia wa upande ule ule ulioshinda, na Karna, rafiki wa upande huo, anamkemea papo hapo.

Wengi hukumbuka muujiza wa nguo isiyokwisha, walipotaka kumvua Draupadi. Katika toleo la wahakiki wa Pune, India, lililokamilika mwaka 1966 baada ya kulinganishwa miswada mingi, sala ya Draupadi kwa mungu Krishna haimo katika matini kuu. Nguo zinatokea tu, moja baada ya nyingine. Mimi naipenda zaidi hivyo, kwa sababu inamwacha na swali lake, na wale wazee na kimya chao.

Nilipofunga kitabu nilimkumbuka mama mdogo. Baada ya arobaini ya baba mdogo, ukoo ulikaa kugawa shamba. Yeye aliketi mkekani karibu na mlango. Walipokwisha kutaja mipaka aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Shamba hili tulilinunua wawili. Nyie mnagawa kwa ruhusa ya nani?"

Hakuna aliyemtukana. Babu alikohoa, akasema mambo haya ni mazito, tumwachie Mungu. Amu zangu walitazama chini. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimeshika birika, nikaendelea kumimina chai. Nilijua fika kwamba ana haki. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa, na jana usiku Vikarna amenipokonya udhuru huo.

Shamba liliuzwa zamani. Mama mdogo anaishi kwa binti yake sasa, na kila nikienda tunazungumza habari za wajukuu na magoti yake. Jumapili nitakwenda tena. Nataka kumwambia kwamba siku ile nilimsikia.