Siku moja maishani mwangu kama fundi wa kompyuta: SSD iliyogoma kuonekana

Saa 2:30 asubuhi. Sijaketi bado, mama mmoja keshaniletea kompyuta yake ya mezani. "Mwanangu, diski imekufa, na kazi zangu zote zimo humo." Jana alifungiwa SSD mpya (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), aina ya NVMe, ile inayochomekwa kwenye ubao mama wenyewe. Tangu hapo ile ya zamani, aina ya SATA, inayounganishwa kwa kebo, haionekani.

Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: haionekani wapi, mama? Kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, au kwenye Windows yenyewe? Mara nyingi, BIOS ikiiona na Windows isiione, shida iko kwenye draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) au mpangilio. BIOS nayo isipoiona, basi shika bisibisi.

Saa 3. BIOS ilionyesha ile mpya peke yake. Nikachomoa umeme, nikabadilisha kebo ya data, nikasukuma ile ncha yenye umbo la L mpaka ikabana. Nikabadilisha na ya umeme. Wapi!

Saa 4. Nikaihamishia kwenye kompyuta nyingine. Ikaonekana papo hapo, mafaili yote yamo. Nikashusha pumzi, kwa sababu huyu mama alikuwa ameshaanza kulia. Kabla ya lolote nikaanza kuyanakili kwenye diski ya nje. Kwenye hili sikubaliani na mafundi wanaotengeneza kwanza: kazi ya mtu ikipotea, hakuna fidia.

Saa 6 mchana. Kunakili kukiendelea, nikashika laptopu ya kijana mmoja. BIOS inaiona SSD, lakini anapotaka kusakinisha Windows anaambiwa hakuna diski. Prosesa ni ya Intel na VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski, imewashwa. Nikapakia draiva yake, Intel RST, kutoka kwenye flashi, diski ikajitokeza. Wengi hukimbilia kuzima VMD. Kwenye mashine ambayo tayari ina Windows, kufanya hivyo kunaweza kuizuia isiwake.

Saa 8. SSD mpya kabisa, haionekani kwenye orodha ya mafaili. Ilikuwa haijaanzishwa tu, yaani haijaandaliwa kupokea mafaili. Nikaingia Disk Management, zana ya Windows ya kusimamia diski, nikachagua GPT, ambao ni mtindo wa kupanga sehemu za diski, nikaifomati, basi. Ila diski yenye mafaili ya mtu ikikuletea ombi hilohilo la kuanzishwa, tafadhali ghairi.

Saa 9 alasiri. Nikarudi kwa ya mama. Diski nzima, kebo nzima. Kilichobaki ni ubao mama. Nikafungua kijitabu chake kwenye ukurasa wa nafasi za M.2, ndiko ilikochomekwa ile SSD mpya, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: nafasi hii ikitumika, matundu ya SATA 5 na SATA 6 huzimika, maana zinagawana nayo njia ya data. Nikamulika tochi. Kebo ya diski ya zamani ilikuwa imechomekwa kwenye namba 5.

Nikaihamishia namba 2, nikawasha, nikaingia BIOS. Mistari miwili. Nikachukua simu.

"Mama, njoo. Diski yako ni nzima."