Kisasishi kilikuwa hakiioni programu: nilivyotatua

Programu yetu ya stoo iko kwenye maduka kadhaa ya Mwembe Tayari na Kongowea. Kisasishi, yaani programu ndogo ya kuweka toleo jipya, kikagoma: "programu haijasakinishwa", na ikoni hiyo hapo kwenye skrini! Kukiandikia kisasishi kitafute C:\Program Files moja kwa moja hakukufaa, wengine wameiweka diski D. Kupekua diski nzima ndiyo balaa, kompyuta zenyewe kuukuu.

Jibu lilikuwa kwenye rejista, hifadhi ya Windows ya mipangilio ya programu. Kisakinishi kilichoiweka programu mara ya kwanza ni cha biti 32, basi Windows ya biti 64 huyapeleka maandishi yake kimyakimya chini ya WOW6432Node, tawi la rejista la programu za biti 32. Kisasishi cha biti 64 kilikuwa kikichungulia tawi la kawaida, HKLM\SOFTWARE. Nikafungua ufunguo wa Uninstall (orodha ya programu zilizosakinishwa) kwa KEY_READ (ruhusa ya kusoma) pamoja na KEY_WOW64_32KEY (inayoomba tawi la biti 32), nikasoma InstallLocation, yaani folda programu ilipo, nikahakikisha faili lipo kabla ya kunakili. InstallLocation ikiwa tupu, jaribu DisplayIcon, yaani mahali lilipo faili la ikoni, ila kata ile ",0" ya mwishoni, ambayo ni namba ya ikoni tu.