Kibodi inayogeuza Kiswahili kuwa Kiingereza, hivi ndo nilivyoituliza

Jamani nimepona. Nauza machungwa ya Muheza hapa Ngamiani, oda zinakuja WhatsApp, na kibodi iliyokuja na simu ilikuwa inanitesa, naandika "bei" inaweka "being", tena vitufe vidogo dole gumba linagonga herufi ya jirani.

Nilizima simu nikawasha, nikafuta kashe, wapi.

Nikapakua Gboard, ile programu ya kibodi ya Google, nikaifanya ndo kibodi ya simu, nikaingia setingi upande wa lugha nikaongeza Kiswahili, kisha kwenye kusahihisha maandishi nikazima ile ya kubadili neno yenyewe, mapendekezo nikayaacha yatokee juu nichague mwenyewe. Halafu nikaongeza urefu wa kibodi na kuwasha mstari wa namba, kwa mtu wa kuandika bei kutwa huo mstari ni raha tupu.

Sasa penyewe ni hapa. Kwenye setingi hizo hizo kuna kamusi binafsi, humo unaweza kuweka vifupisho, mimi nikiandika "mzg" inaniletea "Mzigo umeshatoka, utaupokea stendi". Ila ukikihifadhi chini ya Kiingereza, ukiwa unaandika Kiswahili hakitokei ng'o, utadhani programu mbovu. Kihifadhi chini ya lugha zote, kitakuja pale juu unakigusa tu.

Na ukikosea herufi katikati ya neno usihangaike kugonga gonga, telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kile kijistari kinasogea chenyewe mpaka unapopataka.