Milimita tano katika kichochoro cha Mkomani

Ufukweni Shela, kisiwani Lamu, unaweza kuizungusha kamera mkononi na ukapata picha ya digrii 360 ambayo mtazamaji hataona kasoro. Ingia nayo Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kila kosa linajianika: fremu ya mlango imekatika, boriti imeota kiwiko. Wengi hulaumu programu inayounganisha picha kuwa moja. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi kosa limeshafanyika kwenye tripodi.

Hesabu yake ni hii. Lenzi ikikaa milimita 5 mbele ya mhimili inaouzungukia, ukigeuza kamera digrii 60, lenzi nayo inahama milimita 5. Ukuta ulio sentimita 60 kutoka kwako utaonekana umesogea karibu nusu digrii, na kwenye panorama ya upana wa pikseli 8000 hizo ni pikseli kama 10. Jahazi lililo mita 50 halisogei hata pikseli moja. Ndiyo maana picha za baharini hutoka safi na za kichochoroni zinakataa.

Natumia Samyang ya milimita 8 yenye f/3.5, lenzi ya jicho la samaki inayoona upana mkubwa sana, kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko ya fremu kamili) iliyosimamishwa wima. Napiga picha 6 za kuzunguka, moja kila digrii 60, kisha 1 ya juu na 2 za chini.

Kutafuta kituo cha mzunguko, yaani sehemu ya lenzi inayopaswa kukaa juu ya mhimili, kwanza ielekeze kamera chini kabisa na uisogeze kushoto au kulia hadi skrubu ya katikati ya kichwa cha tripodi ikae katikati ya picha. Halafu ning'iniza uzi wenye nati, sentimita 40 mbele ya lenzi, uoane na kitu chembamba kilicho mbali, mlingoti kwa mfano. Piga picha uzi ukiwa digrii 30 kushoto mwa katikati ya picha, kisha digrii 30 kulia, ukuze picha zote mbili kwenye skrini. Ukigeuza kamera kulia na uzi ukahamia kushoto ya mlingoti, lenzi iko mbele mno, irudishe nyuma. Ukihamia kulia, isogeze mbele, milimita moja moja. Usipime katikati ya picha wala ukingoni kabisa. Kituo cha lenzi hizi hakitulii, huhama kadiri mwanga unavyoingia kwa pembe kubwa zaidi, na picha zangu zinakutana hapo kwenye digrii 30. Ukikipata, weka alama kwenye reli ya kichwa cha tripodi kwa rangi ya kucha.

Mipangilio yote iwe ya mkono: f/8, ISO 200, rangi ya mwanga isiyobadilika. Fokasi naiweka kama nusu mita kisha naifunga kwa selotepu; kila kitu kuanzia sentimita 25 au 30 kinaonekana kikali. Namba za kwenye pete ya lenzi usiziamini mpaka uzipime. Kichochoro kina giza chini na utepe wa anga juu, kwa hiyo kila upande napiga mara tatu: sekunde 1/15, 1/60 na 1/250. Jumla 27. Epuka saa sita mchana, ukuta mmoja unawaka na wa pili umezama.

Punda hangoji shata. Upande wanakotokea napiga mara mbili au tatu, kisha kwenye kompyuta nafunika sehemu nisizozitaka. Kama unataka punda abaki, hakikisha yuko mzima ndani ya picha moja, mbali na mahali picha zinapoungana, la sivyo utapata mwenye miguu sita. Watu waombe ruhusa kwanza.

Naunganisha kwa programu ya Hugin. Lenzi hii ya mkono haina mawasiliano na kamera, hivyo faili halina urefu wa fokasi na programu itakuuliza: andika 8, na 1.5 kama kizidisho cha sensa. Aina ya lenzi chagua stereografia. Ukiiacha kwenye jicho la samaki la kawaida, kingo hazitakaa hata uongeze pointi mia, zile alama zinazoonyesha kitu kilekile kwenye picha mbili.

Ndani ya nyumba za mawe, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndio mtihani. Safu nzima inafanana, na programu inaunganisha kidaka cha tatu na cha nne bila haya. Boriti za dari vilevile. Nazifuta pointi hizo na kuweka zangu kwenye doa la chokaa, ufa, au msumari. Ukuta mweupe mtupu hautoi pointi kabisa. Hapo namwandikia Hugin mzunguko wenyewe, 0, 60, 120 na kuendelea, kwa kuwa kichwa cha tripodi yangu kina vituo vya kubofya. Rekebisha mielekeo kwanza, kisha upana wa lenzi, mwisho upotovu wake. Wastani wa kosa ukishuka chini ya pikseli 2 naridhika.

Kunyoosha picha, usitegemee kuta. Nyumba za zamani zina mwinamo wake, na ukimwambia Hugin ukuta ule ni wima, mtaa mzima utainama. Tumia pima maji kwenye tripodi, au pointi za mlalo kwenye upeo wa bahari ukiwa gatini.

Picha mbili za chini: ya kwanza tripodi ikiwa mahali pake, ya pili baada ya kuihamisha hatua moja, lenzi ikirudishwa juu ya alama ya chaki niliyoichora sakafuni. Ya pili naifunika yote isipokuwa ile sehemu miguu ya tripodi ilikokuwa, na naiachia irekebishwe na nafasi yake pia, si mwelekeo tu. Kivuli changu kikibaki, nakifuta kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, kabla ya kutoa faili la 8000 kwa 4000.